Muulize Mama Fundi: Kitanda kisilie

Kiangazi kimeingia, tumbaku iko sokoni, na pale stendi kila wa pili amejitwisha godoro. Barua nazo zimefuata mkondo huohuo, karibu zote ni za vitanda. Ya mwalimu wa Kaliua nimeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba maswali ya wengi. Nyie wengine mtaniwia radhi, majibu yenu ni mafupi.

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimepangiwa Kaliua. Nimepanga chumba na nimeshanunua godoro la tano kwa sita, inchi nane. Kitanda nataka nikitengeneze mwenyewe nyumbani, jioni na Jumamosi. Nina msumeno, nyundo na patasi mbili. Randa na keekee nitaazima. Wenzangu wananiambia bila mninga napoteza muda, ila mninga siuwezi. Halafu nyumba yetu ni ya wapangaji, ukuta haufiki kwenye bati, na kitanda cha jirani kikilia usiku tunaamka wote. Chonde nisaidie, changu kisilie.

Marahaba mwanangu, na hongera kwa ajira. Nianze na huyo jirani. Kitanda hakilii kwa kuwa ni cha paini, wala hakinyamazi kwa kuwa ni cha mninga. Kinalia pale mbao mbili zinaposuguana, na zinasuguana kwa sababu kiungo kimelegea. Hapa karakana kwangu Ng'ambo, Tabora, nimeletewa vitanda vya mninga mtupu, vinavyohemesha wanaume wanne kuvishusha kwenye mkokoteni, na vinalia. Ukivifungua unakuta ni misumari mitupu, na mbao ilipigiliwa ikiwa mbichi.

Mbao mbichi ikikauka inasinyaa upana na unene. Urefu haubadiliki kiasi cha kuona kwa macho. Sasa msumari ulioshika vizuri mwezi wa tatu, hewa bado ina unyevu, mwezi wa tisa unacheza ndani ya tundu lake, maana mbao iliyoubana imejivuta. Kila ukigeuka kitandani msumari unachimba kidogo zaidi. Kuongeza msumari wa pili hakusaidii, na wa tatu unapasua.

Kwa hiyo pesa uliyotaka kuiweka kwenye mninga iweke kwenye muda. Nunua paini sasa hivi kiangazi kikiwa kichanga, uikaushe, ndipo uguse msumeno. Paini ya mashamba, kama yale ya Sao Hill kule Mufindi, mara nyingi hupasuliwa na kupakiwa kwenye lori ikiwa bado ina maji, na muuzaji wa mbao hana haja ya kukungojea. Ukifika kwake usichukue zile zenye rangi ya kijani. Hizo ni mbao za dawa, za kupaulia. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Kwenye paa haina shida, lakini sioni kwa nini ulalie, uipige randa na kuvuta vumbi lake, halafu mabaki uyapikie ugali. Chukua nyeupe. Nyanyua kila ubao, uutazame kwa jicho moja toka ncha hadi ncha kama umenyooka, na ule wenye vifundo vikubwa mrudishie. Muuzaji atanuna. Mwache anune.

Hesabu yako ni hii. Mbili kwa sita za futi 12, mbao mbili. Hapa uwe macho, maana wengi wanadanganyika. Godoro lako ni inchi 60 kwa 72. Mfumbati, ule ubao mrefu wa ubavuni, unataka inchi 73 kati ya tendegu na tendegu, yaani mguu na mguu wa kitanda, ongeza inchi moja ya ulimi, ile ncha iliyopunguzwa inayoingia kwenye tundu la tendegu, kila upande, jumla 75. Miwili ni 150. Mbao ya futi 12 ina inchi 144, kwa hiyo haitoi mifumbati miwili hata akuapie nani. Lakini kila mbao ikitoa mfumbati mmoja inabaki inchi 69, na ubao wa kukatisha kichwani au miguuni unataka 63 pamoja na ndimi zake. Mbao mbili zinakumalizia pande zote nne. Ongeza tatu kwa tatu za futi 12 mbili kwa matendegu, mbili kwa mbili za kubebea chaga, yaani zile mbao za kukatisha zinazobeba godoro, mbili kwa nne moja ya katikati, na moja kwa nne sita za chaga.

Zipange chumbani au barazani, kivulini, juu ya matofali, na kati ya safu na safu weka vijiti vya unene mmoja ili upepo upite. Vichwa vya mbao vipake rangi yoyote iliyobaki nyumbani, au nta, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi kichwani na hapo ndipo panapopasuka. Jua la moja kwa moja usilitafute, litakupindishia. Utajuaje zimekauka? Kata kipande cha mbili kwa nne urefu wa shubiri moja, toka katikati ya mbao na si kichwani, ukipeleke kwa mwenye duka akupimie kwenye mizani yake. Andika uzito. Kipande kikae pamoja na wenzake, ukipime tena kila wiki. Siku uzito ukigoma kushuka, mbao zako zimekubali hewa ya Kaliua. Za inchi moja hutangulia, za inchi mbili na tatu zitakuchelewesha. Vumilia, uendelee kulala chini.

Sasa matendegu. Wewe uko Kaliua na mbu unawajua, kwa hiyo usitengeneze matendegu mafupi halafu uhangaike kupigilia misumari ya chandarua ukutani kwa mwenye nyumba. Kata tatu kwa tatu katikati upate nguzo nne za karibu futi sita, na juu uziunganishe na fito nyembamba. Chandarua kifungwe humo, kishuke kwa ndani ya nguzo, kichomekwe chini ya godoro. Pima kwanza chandarua chako, vya siku hizi havilingani urefu. Ndiyo sababu sipendi mfumbati unaobana godoro. Ukifuata vipimo vyangu utabaki na nafasi ya inchi moja hivi kila upande, vidole vipite wakati wa kuchomeka.

Kwenye kiungo twende taratibu.

Kichwani na miguuni, yaani vitakizo, utaunganisha moja kwa moja kwa ulimi, tundu na gundi nyeupe ya mbao. Hivyo havitafunguliwa tena. Mifumbati ndiyo itakayofunguka, kwa sababu wewe ni mwalimu na barua ya uhamisho haipigi hodi. Mfumbati nao unakuwa na ulimi wa inchi moja unaoingia kwenye tundu la tendegu, ila bila gundi. Kazi ya ulimi ni kuuzuia usizunguke. Kazi ya kuuvuta ubane ni ya bolti.

Toboa tundu la ulimi kwa patasi, si kwa kubomoa. Chora kwa kisu badala ya penseli, maana mstari wa kisu hushika ncha ya patasi isiteleze. Anzia katikati, chota kidogo kidogo ukielekea kwenye mistari, na mstari wenyewe uuguse mwisho kabisa. Ulimi ukate uwe mnene kidogo kuliko tundu, kisha uupunguze kwa patasi hadi uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo umebana mno, utapasua tendegu. Ukidondoka wenyewe umelegea, gundisha ganda jembamba la mbao ubavuni mwake uanze upya kuupunguza.

Tendegu baada ya randa litakuwa na unene wa inchi mbili na robo tatu, na ndani yake zinakutana ndimi mbili, wa mfumbati na wa kitakizo. Tundu la kitakizo lisizidi inchi moja kwenda ndani. Likizidi, bolti ya mfumbati itautoboa ulimi ule na utakuwa umekata kiungo chako mwenyewe. Sijui ni mafundi wangapi wanaoliangalia hilo. Wachache, kwa ninavyoona kazi zinazoletwa kutengenezwa upya.

Bolti iwe ya milimita 10, urefu inchi sita, pamoja na washa. Toboa tendegu kwanza, toka nje hadi katikati ya tundu la ulimi. Halafu chomeka mfumbati mahali pake, uubane kwa kamba, na upitishe keekee kwenye tundu lile lile la tendegu iendelee hadi ndani ya kichwa cha mfumbati. Ukitoboa kila kimoja peke yake havitakutana, hata ukipima namna gani. Upande wa ndani wa mfumbati, mahali bolti inapoishia, chonga kidirisha cha kuweka washa na nati. Kaza kwa spana. Utaona mstari wa kiungo unafunga mpaka ukucha haupiti.

Skrubu peke yake hapo hapana. Skrubu inayoingia kichwani mwa mbao, kufuata nyuzi, haina pa kushika. Skrubu zako zitumie kwenye mbili kwa mbili za kubebea chaga, zikiingia kwa ubavu, moja kila inchi nane. Toboa njia kwanza kwa keekee nyembamba, na usugue nyuzi za skrubu kwenye nta ya nyuki. Hapa mkoani nta si kitu cha kutafuta kwa tochi. Itaingia laini bila kuvunjika shingo.

Kabla hujakaza bolti zote nne, pima mshazari: pembe ya ndani ya tendegu la kichwani kulia hadi ya miguuni kushoto, kisha ule mwingine. Zote mbili zisome sawa, kwa vipimo vyako karibu inchi 95. Ukikuta moja imezidi, sukuma kwenye huo mshazari mrefu kwa goti, upime tena. Ndipo ukaze.

Chaga ni kumi na mbili, zikiachana inchi mbili na kitu, na godoro lizame kama inchi mbili ndani ya mifumbati lisiteleze. Ubao wa mbili kwa nne upite katikati toka kichwani hadi miguuni, ukiwa umesimama kwa ubavu, na uwe na mguu wake unaogusa sakafu. Kitanda cha futi tano bila mguu wa katikati kitabonyea, hilo halina mjadala. Urefu toka sakafuni hadi juu ya chaga uwe inchi 12. Na godoro lako unapata 20, unakaa magoti yakiwa sawa.

Sasa dawa ya kelele. Tafuta tyubu ya baiskeli iliyochoka, uichane vipande vyembamba, uviweke juu ya mbili kwa mbili na juu ya ubao wa katikati, chaga zikae juu ya mpira. Mbao isiyogusa mbao italia na nani? Mwisho wa kiangazi chukua spana ukaze bolti tena, robo mzunguko inatosha. Kisha mkopeshe jirani hiyo spana.

Asalaam aleikum. Nipo Ujiji. Kitanda changu kimeisha kuchongwa, cha mvule, na nimekipiga msasa. Vanishi naiona ghali. Huku mawese tunayo tele, je, nikipaka mawese mbao haitang'aa?

Waalaikumu salaam ndugu yangu. Itang'aa leo. Wiki ijayo itanata, na mwezi ujao itanuka na sisimizi watakuwa wageni wako. Mawese ni mafuta yasiyokauka. Yakipakwa juu ya mbao yanabaki mafuta, yanachacha, yanashika vumbi na kuchafua shuka. Yaache yakae kwenye migebuka.

Mafuta yanayofaa mbao ni yale yanayokutana na hewa yakaganda kuwa ngozi ngumu, kama mafuta ya mbegu za kitani, ambayo madukani huitwa linsidi. Paka kidogo, ngoja robo saa, futa yote yaliyobaki juu, acha hadi yakauke, rudia. Kitambaa ulichofutia usikikunje ukakitupa pembeni ya karakana. Kinapata joto chenyewe na kinaweza kushika moto bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke.

Ukikosa linsidi, chukua nta ya nyuki, ikwangue, uiyeyushe kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Iepue kabisa, uende nayo mbali na jiko, ndipo umimine tapentaini, sehemu moja ya nta kwa tatu au nne za tapentaini. Ikipoa inakuwa laini, unaipaka kwa kitambaa na kusugua. Mvule unapendeza sana hivyo. Jua tu kwamba nta haizuii maji ya kumwagika, na ukishapaka nta vanishi haitashika juu yake, kwa hiyo amua mapema.

Mama Fundi, kitanda chetu cha mbao za mwembe kina mwaka mmoja tu. Kila asubuhi nafagia unga mweupe laini chini yake, na nikitazama naona vitundu kama vya sindano. Ni mchwa? Jirani ananishauri nimwagie mafuta ya taa. Nzega.

Si mchwa mama, ni dumuzi. Mchwa huja na udongo wake. Dumuzi huacha unga na vitundu vya mviringo. Mwembe una matunda mazuri lakini kwa kitanda sikushauri, ni chakula chao. Hata kwenye miti mizuri wanapenda ile sehemu nyeupe ya pembeni yenye wanga, ndiyo maana fundi makini huikata na kubakiza kiini.

Mafuta ya taa hapana. Mna koroboi, mna dawa ya mbu ya kuchoma, mna watoto. Bonyeza kila ubao kwa ncha ya bisibisi. Unaozama ni wa kutoa na kuuchoma moto. Ulio mgumu utibu: nunua dawa ya dumuzi duka la pembejeo, soma maelezo yake, toa kitanda nje, ingiza dawa kwenye vitundu kwa bomba la sindano na upake sehemu zote zisizo na rangi, hasa chini na kwenye viungo ambako hakuna aliyewahi kupitisha brashi. Kikauke kabisa kabla ya kurudisha godoro. Kisha vanishi kila upande, hata usioonekana. Mdudu hutaga kwenye mbao iliyo uchi. Vanishi itazuia mayai mapya, ila haiui walio ndani, kwa hiyo usitangulize vanishi. Baadaye ziba vitundu kwa nta. Kitundu kipya kikitokea utakijua.

Dada, shambani kwangu Sikonge pana mninga umeangushwa na upepo. Ni mti wangu, upo shambani kwangu. Naweza kumwita mwenye mashine anipasulie mbao za kitanda?

Kaka, usimwite bado. Nenda kwanza kwa afisa misitu wa wilaya au ofisi ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, mti ukiwa palepale ulipolala, waje wauone. Mninga ni mti unaolindwa, na neno "shambani kwangu" halikutoshi kwenye kizuizi cha barabarani. Utahitaji kibali cha kuuvuna, mbao zigongwe nyundo ya serikali, na ukitaka kuzitoa hapo kwenda kwingine uwe na hati ya kusafirishia. Ukishapata karatasi, pasua kabla wadudu hawajaingia kwenye ile nyeupe ya pembeni. Mninga una sifa moja ambayo naipenda kuliko rangi yake: ukikauka unasinyaa kidogo sana, kwa hiyo viungo vyake hukaa. Lakini funga kitambaa puani unapopiga randa. Vumbi lake linawasha, na mwenye pumu asikae karibu.

Mama Fundi, chaga za kitanda cha wanangu zinavunjika kila mara, katikati tu. Nimebadilisha hadi nimechoka. Fundi anasema niweke nene zaidi. Isevya.

Unene sawa, lakini kwanza mwambie akuonyeshe mguu wa katikati. Kitanda cha futi nne au tano bila ubao unaopita katikati chini ya chaga, wenye mguu unaokanyaga sakafu, kitavunja chaga hata uweke za mti mgumu kama mkora. Chaga inayobeba futi mbili na nusu ni imara mara nyingi zaidi ya ileile inayobeba tano. Pili, tazama zilipovunjikia. Ukiona kifundo, ndipo zilipoanzia. Chaga yenye kifundo katikati irudishwe, au ikatwe itumike kwingine. Tatu, kama ziko sita tu, ongeza zifike kumi au zaidi. Usizipigilie misumari kila ncha, zinataka kujongea kidogo. Skrubu moja kila upande kwa ile ya kwanza na ya mwisho, zilizo katikati zishikwe na mkanda mmoja wa turubai uliopigwa pini juu yake zisisogeleane.

Na hao wanao, wakiwa wanaruka kutoka juu ya kabati, hiyo si barua ya fundi. Mwandikie wa malezi, ukurasa unaofuata.